Proforma ya milioni 41: nilipe au nihamie programu huria?

"Naendesha duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, biashara aliyoianzisha marehemu baba, na tuna matawi Muheza na Korogwe. Kompyuta zipo 32, zote za Windows. Seva ni moja, tuliinunua mwaka 2015, inatumia Windows Server 2012 R2. Hiyohiyo inatunza mafaili, inawaingiza wafanyakazi kwenye kompyuta zao, inabeba barua pepe za Exchange 2016, na ndimo ilimo programu yetu ya mahesabu na stoo inayotumia SQL Server. Wanaogusa programu hiyo ni watu 11. Muuzaji ameniletea proforma ya shilingi milioni 41 kwa leseni peke yake, mashine bado. Kijana wangu wa IT anasema tutupe vyote tuweke Linux, kila kitu bure. Mhasibu anasema cha bure hakina mwenyewe, tutapoteza hesabu za miaka kumi, tena programu ambayo kila mtu anauona msimbo wake, wezi nao wanauona. Fundi wa tatu anasema atanifungulia Windows mpya kwa laki moja na nusu. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, pole kwa kuvutwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Nimeisoma barua yako mara mbili, na proforma uliyoambatanisha nimeipitia mstari kwa mstari. Ninavyokuelewa, pesa inakuuma, lakini kinachokunyima usingizi ni zile hesabu za miaka kumi. Hutaki kuwa wewe ndiye uliyepoteza alichokijenga mzee. Nitajibu nikiiweka hofu hiyo mbele.

Nianze na fundi wa laki moja na nusu, maana ndiye atakayekuumiza upesi kuliko wote. Asiiguse seva yako. Vile viprogramu vya kufungua Windows bila leseni karibu vyote hukutaka kwanza uzime antivirasi, kisha uviendeshe kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Ni kumkabidhi mtu usiyemjua funguo za stoo usiku, ukamwomba asichukue kitu. Na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu na nyimbo, kwa hiyo siku ukiulizwa, jina litakaloandikwa kwenye jalada ni la duka, fundi hatakuwepo. Huyo tumalizane naye hapo.

Wawili waliobaki kila mmoja ana ukweli wake, na kila mmoja amekosea mahali.

Mhasibu wako amekosea kwenye neno bure. Jina sahihi ni programu huria, na Linux, inayoweza kushika nafasi ya Windows, ni mojawapo. Huria maana yake umepewa ruhusa ya kuitumia kwa watu wengi upendavyo, kuisoma, kuibadilisha na kumpa mwenzako, bila kuhesabiwa vichwa. Ina mwenyewe na ina leseni, tena leseni nyingine ni kali. Kuna kampuni zinazoishi kwa kuuza huduma zake, na ukitaka mtu wa kumpigia simu usiku utamlipa. Taarifa za vituo vya afya nchini mwetu zinapita kwenye DHIS2, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, na chini yake kuna PostgreSQL, hifadhidata huria ambayo mizizi yake iko Chuo Kikuu cha Berkeley mwaka 1986. Mizigo mizito kuliko ya duka lako inabebwa humo kila siku.

Kuhusu wezi kuuona msimbo, hoja hiyo naisikia sana na inastahili jibu la heshima. Kuijua kufuli ilivyotengenezwa hakukupi ufunguo wake. Machi 2024 mtu aliyejipenyeza kwa uvumilivu wa miaka kadhaa alifaulu kupachika mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika karibu kila Linux. Aliyemgundua ni Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL na mwajiriwa wa Microsoft, kwa sababu aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde, akaamua kuutafuta mzizi. Aliupata kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Lakini sitakudanganya kwamba uwazi ni kinga. Mei 2017, mwezi uleule kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta za Windows duniani, Samba, programu huria ya kugawana mafaili nitakayoirudia mbele, nayo ilikutwa na tundu lake baya ikabidi lizibwe haraka. Kinachomlinda mtu ni kusasisha kwa wakati, na hapo ndipo seva yako ya sasa ilipo hatarini. Windows Server 2012 R2 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023. Exchange 2016 nayo ikaachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Unaogopa kuhamia penye hatari, kumbe ndipo unapolala sasa.

Kijana wako amekosea kwenye neno vyote. Na ili uone kosa lake, tuifungue proforma.

Kuna Windows Server yenyewe, milioni 3.2. Chini yake leseni za watumiaji 32, milioni 4.1. Halafu SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, milioni 2.8 na leseni zake za watumiaji, milioni 20.9. Halafu Exchange milioni 2.3 na watumiaji wake, milioni 7.7. Chukua kikokotoo, jumlisha ile mistari mitatu ya watumiaji peke yake: milioni 32.7. Yaani karibu shilingi 80 katika kila 100 unazoombwa si bei ya programu. Ni ruhusa ya kila mtu wako kubisha hodi kwenye seva ambayo umeshainunua. Ndivyo biashara hii ilivyojengwa: programu unailipia mara moja, kisha unalipia kila mtu au kila kifaa kinachoigusa. Si wizi, imeandikwa kwenye mkataba, lakini wengi wetu tunaweka sahihi bila kuisoma sehemu hiyo.

Sasa tazama mstari mnene kuliko yote, ule wa milioni 20.9. Muuzaji amehesabu watumiaji 32 wa SQL Server. Wewe mwenyewe umeniambia wanaogusa programu ya mahesabu ni 11. Hapo tayari kuna swali la kumuuliza kabla hujataja Linux. Lipo na la pili, kubwa zaidi: hifadhidata yenu ina ukubwa gani? Microsoft wenyewe wanatoa toleo la SQL Server liitwalo Express ambalo halilipiwi na halihesabu watumiaji. Mipaka yake ni kwamba hifadhidata moja isizidi GB 10 hadi kwenye toleo la 2022, na toleo la 2025 limeipandisha hadi GB 50. Haitumii zaidi ya kori 4 za prosesa, na kumbukumbu ya kushikia data ni kama GB 1.4. Duka la jumla lenye matawi mawili, ankara na stoo za miaka kumi, mara nyingi halifiki GB 6, isipokuwa kama mmekuwa mkiskani hati na kuzihifadhi humohumo.

Express si programu huria, na najua barua yako iliuliza habari za huria. Lakini siwezi kukaa kimya wakati milioni 23.7 zinaweza kufutika bila mtu kuandika amri moja ya Linux. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Express haina kile kiratibu cha ndani kinachochukua bekapu usiku, kwa hiyo kijana lazima aipange kwa Task Scheduler ya Windows na ahakikishe inafanya kazi. Na hifadhidata ikishapandishwa kwenye toleo jipya hairudi kwenye la zamani. Kwa hiyo nakala ya kabla ya kupandisha itunzwe kama hati ya kiwanja.

Kwa nini sisemi tuihamishie PostgreSQL, wakati naipenda na naitumia kila siku? Kwa sababu programu ya mahesabu si yenu. Aliyeiandika aliiandikia SQL Server, na kila hifadhidata ina lahaja yake: namna ya kuhesabu tarehe, namna ya kuzungusha senti, taratibu nzima zilizoandikwa ndani ya hifadhidata yenyewe. Ukimsomea mtu wa Lubumbashi barua ya Kimtang'ata cha ndani, maneno mengi atayapata, lakini pale penye idadi na tarehe ndipo atakapoteleza. Kama siku moja mtaamua kubadili programu yote ya mahesabu, Odoo Community ya Wabelgiji na ERPNext ya Wahindi zote mbili ni huria na zinastahili kuangaliwa. Huo ni mradi wa mwaka, wenye mafunzo ya watu na miezi ya kuendesha vitabu viwili sambamba. Na kama programu yenu ya sasa ndiyo inayotoa risiti za TRA moja kwa moja, msiiguse mpaka mbadala wake uwe umethibitishwa kutoa risiti hizo. Hapo mhasibu wako ana haki kabisa ya kukaza.

Twende kwenye barua pepe. Hapa nakushauri bila kusitasita: Exchange iondoke, na iwe ya kwanza. Seva ya barua ndiyo iliyouweka uso wake kwenye intaneti saa 24. Machi 2021 matundu ya Exchange yalipotangazwa, makumi ya maelfu ya seva duniani zilikuwa zimeshaingiliwa ndani ya siku chache, nyingi zikiwa za ofisi ndogo kama yako. Tena Exchange mpya iliyotoka Julai 2025 inauzwa kwa mtindo wa usajili unaoendelea, kwa hiyo muulize muuzaji wako, kwa maandishi, kama milioni 10 hizo ni za mara moja au zitarudi.

Upande wa huria barua pepe ni uwanja wa nyumbani. Postfix inapokea na kutuma, Dovecot inatunza masanduku, SOGo inaleta kalenda na anwani za pamoja. Kuna mafurushi kama Mailcow na iRedMail yanayoviunganisha vyote hivyo ukavisimamia kwa kivinjari. Outlook itaendelea kufanya kazi kwenye kompyuta za wafanyakazi, na asiyeitaka atatumia Thunderbird.

Ila usiiweke hapo dukani. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu vijana wengi wa IT, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunapenda seva iwe chini ya meza yetu. Kutuma barua ni rahisi, shida ni kuaminiwa na anayepokea. Gmail na Yahoo tangu Februari 2024 wamekaza masharti: anwani ya seva yako lazima iwe na jina linalolingana nayo pande zote mbili, na kikoa chako (jina linalofuata alama ya @) lazima kitangaze hadharani seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa niaba yake au kitie sahihi kwenye barua. Hayo mawili ya mwisho wenyewe wanayaita SPF na DKIM. Laini ya kawaida ya ofisi huwa na anwani inayobadilika, au anwani ambayo jirani aliyepata kirusi aliichafua mwezi uliopita. Umeme ukikatika Tanga saa nne, mteja wa Dar anayekutumia oda ya mabati anaweza kudhani umefunga duka. Kodi seva kwenye kituo cha data, au nunua masanduku 32 kwa kampuni ya hapa nchini inayotoa huduma kwa programu hizohizo huria. Kwa ukubwa wenu, mimi ningechagua hiyo ya pili. Mtapoteza uhuru kidogo, mtapata usingizi.

Kuhama kwenyewe si kazi ya kutisha. Siku mbili kabla, kijana apunguze muda wa kumbukumbu za DNS za barua (DNS ndiyo daftari la anwani la intaneti) hadi sekunde 300, ili mabadiliko yaenee upesi. Kisha programu ya imapsync inanakili kila sanduku, barua kwa barua, na inaweza kuendeshwa hata mara kumi bila kuleta marudio. Kinachosahaulika ni kwamba njia hiyo inabeba barua tu. Kalenda na orodha za anwani hubaki nyuma, lazima zitolewe kwenye Outlook na kuingizwa upya kwa kila mtu. Wafanyakazi husamehe barua iliyochelewa, lakini meneja mauzo aliyepoteza namba za wateja 600 hatakusamehe.

Limebaki lililo gumu kuliko yote: mafaili na kule kuingia kwenye kompyuta, kile kijana anachokiita domeni. Hapa jina ni Samba, na niruhusu nikae kidogo, kwa sababu bila kuelewa inavyofanya kazi hutajua kwa nini nakupa jibu la pande mbili.

Mfanyakazi anapoandika nenosiri lake asubuhi, kompyuta yake haijui kama huyo ni wa hapa au la. Inaiuliza seva kwa lugha maalumu ya Windows, seva inajibu, kisha inampa tiketi ya muda ya kuonyesha kila anapofungua folda au printa. Miaka mingi lugha hiyo ilikuwa siri ya kampuni. Mwishoni mwa 1991 Andrew Tridgell, mwanafunzi huko Canberra, alianza kuitegea sikio kwenye waya. Alituma ombi, akaangalia jibu, akabadili herufi moja, akaangalia tena. Mwenyewe aliilinganisha kazi hiyo na kujifunza Kifaransa kwa kukaa mkahawani na kusikiliza wateja wanavyoagiza. Hivyo ndivyo Samba ilivyozaliwa. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo ya lugha hizo. Mahakama ikaunga mkono Septemba 2007, na Desemba ya mwaka huo watu wa Samba wakapata nyaraka kamili kwa malipo ya euro 10,000. Desemba 2012 ikatoka Samba 4.0, ya kwanza iliyoweza kuwa mkuu wa domeni kamili. Kompyuta yako ya Windows 11 ikiuliza, Samba inajibu, na kompyuta haitambui kuwa anayejibu ni Linux. Hata zile zana za Windows za kuongeza watumiaji na kuweka masharti zinafanya kazi dhidi yake.

Nimeiendesha Samba kwenye ofisi nyingi na moyo wangu uko huko. Lakini tufanye hesabu yako, tuache ya moyo wangu. Programu ya mahesabu itahitaji Windows Server moja ibaki, na watu 11 wenye leseni. Ukihamisha mafaili na domeni kwenda Samba, wale 21 waliobaki hawataigusa seva ya Windows tena, na kila leseni ni kama shilingi 128,000. Umeokoa kama milioni 2.7. Kwa kazi inayogusa kila kompyuta dukani na matawini, hizo si pesa za kukimbilia. Ukiacha domeni kwenye Windows utalipa milioni 7.3 kwa yote, seva na watu 32, na kati ya milioni 41 zako utabaki na milioni 33.7.

Kwa hiyo kwenye hili nakuachia milango miwili. Kama kijana wako ameshawahi kusimamisha domeni ya Samba nje ya chumba chake cha majaribio, akaitunza angalau mwaka, mpe nafasi. Faida yake utaiona kila mnapoongeza watu na kila toleo la Windows Server linapofikia mwisho. Kama hajawahi, lipa zile milioni 7.3 mwaka huu, na umpe mashine ya kujifunzia. Hakuna aibu. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, lilipoamua kuachana na Microsoft halikuhamisha vyote siku moja. Lilimaliza barua pepe Oktoba 2025, masanduku zaidi ya 40,000, likiwa bado na mengine mkononi. Askari wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza na programu za kuandikia na kivinjari, na Linux yenyewe ikafuata baadaye watu wakiwa wameshazoea.

Nikuonyeshe mambo mawili yatakayotokea mkihamia Samba, ili yasikutishe. Mkianzisha domeni mpya, Jumatatu asubuhi mtu ataingia akute skrini tupu, picha ya familia haipo, mafaili ya mezani hayapo. Niliwahi kumkuta mama mmoja wa mapokezi ameshika kichwa, anatetemeka, anaamini kazi ya miaka minne imekwenda. Haikuwa imekwenda. Kwenye domeni mpya Windows humwona kama mtu mgeni mwenye jina lilelile, ikamtengenezea folda mpya, na ile ya zamani ilikuwa palepale kando. Tulimrudishia kwa dakika 20. Lakini dakika hizo zizidishe kwa 32, ndiyo maana kazi hii ni ya wikendi ndefu na watu wawili, na kila mtu aambiwe Ijumaa.

La pili ni saa. Zile tiketi za kuingia zina muhuri wa muda, na saa za kompyuta na seva zikipishana zaidi ya dakika 5, tiketi inakataliwa. Ofisi moja niliyoihudumia, umeme ulikatika usiku, seva ikawaka asubuhi na hakuna aliyeweza kuingia, hata mkurugenzi. Walishalaani Linux mpaka nilipofika. Betri ndogo ya sarafu kwenye ubao wa mashine, ile ya CR2032, ilikuwa imekufa, seva imeamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma. Betri ya shilingi elfu chache. Windows nayo ingegoma vilevile. Seva yako ni ya 2015, kwa hiyo betri hiyo ibadilishwe hata kabla hujaamua lolote.

Sasa pesa zilizobaki zifanye nini? Usizirudishe zote dukani. Nunua mashine mpya, UPS inayoweza kuizima seva kwa utaratibu umeme ukikatika, na diski tatu za nje za bekapu. Juu ya mashine weka Proxmox, programu huria ya kampuni ya Vienna inayokuwezesha kuendesha seva kadhaa ndani ya chuma kimoja: Windows ya mahesabu kwenye chumba chake, Samba kwenye chumba chake. Wengi wamekimbilia huko tangu Broadcom ilipoinunua VMware, kampuni ya programu ya kulipia ya kazi hiyohiyo, Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu. Chini ya Samba weka Debian, aina mojawapo ya Linux, na andika kwenye kalenda ya ukutani tarehe toleo lake litakapoisha. Huria nayo hubadilika. Watu wa CentOS 8, aina nyingine ya Linux, waliambiwa Desemba 2020 kwamba badala ya kutunzwa hadi 2029 itakoma mwisho wa 2021, na walioitegemea wakabaki kutafuta pa kwenda.

Bekapu ipangeni hivi: diski moja imechomekwa, moja iko kabatini, moja iko nyumbani kwako au tawi la Korogwe, zikizungushwa kila wiki. Diski inayobaki imechomekwa muda wote itafungwa na kirusi pamoja na seva. Na kila mwezi mhasibu, narudia, mhasibu na si kijana, achague ankara moja ya zamani bila kumwambia mtu, kisha aombe irudishwe kutoka kwenye diski ya kabatini mpaka aione kwa macho. Sheria ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5, lakini zaidi ya sheria, hilo zoezi ndilo litakalomtuliza.

Sehemu nyingine ya pesa imwendee kijana: mafunzo, na nyongeza ya mshahara inayolingana na mzigo. Leseni unaponunua unalipia jina la kampuni. Huria unalipia kichwa cha mtu, na kichwa kinaweza kupata kazi Dar mwezi ujao. Kwa hiyo manenosiri yote ya seva yaandikwe kwenye karatasi, yatiwe kwenye bahasha iliyofungwa, yakae kwenye kasha lako la fedha. Na awepo fundi wa pili, hata wa nje, anayekuja mara moja kila robo mwaka kuingia humo na kuthibitisha kuwa anaelewa kilichoandikwa.

Kuna mahali jibu langu linaishia na unahitaji mtu wa kukaa naye mezani. Kuiondoa Exchange kwenye domeni ya zamani kuna utaratibu wake. Kuifuta tu huacha mabaki yatakayokusumbua baadaye, basi tafuta aliyewahi kuifanya na umwombe akupe ofisi mbili za kuuliza. Ukisikia diski ya seva inagonga au taa ya rangi ya machungwa imewaka mbele yake, usiruhusu mtu "kujaribu kitu". Ichukuliwe nakala kwanza, na mtaalamu wa kuokoa data aitwe. Na kama umeshapokea barua ya kampuni ya programu ikitaka kuhesabu leseni zako, usiijibu peke yako wala usifute chochote. Mwone wakili.

Kwa wiki hii fanya mawili tu. Mwambie kijana afungue folda ya SQL Server, atafute faili kubwa kuliko yote lenye mwisho wa .mdf, asome ukubwa wake. Na mpigie simu aliyewauzia programu ya mahesabu, muulize kama anakubali itumike kwenye SQL Server Express, akupe jibu kwa barua pepe. Ukishapata namba hiyo na barua hiyo, niandikie tena kabla hujarudi kwa muuzaji.